Ungefanya Hivi Asingekufa: Gemu la Kutisha Tunalolicheza Misibani

1/8



Tangu niandike kuhusu watoto wanaoshtuka usingizini, inboksi yangu imejaa swali moja: "Dada nesi, haya magemu ya kutisha ambayo mtoto anachagua nani afe na nani apone, nimwachie au nimnyang'anye?" Wengine mmeshakata shauri, eti ni mashetani, chomeni moto. Baba watoto naye anajibu kutoka kwenye kochi: "Mwache mtoto, ni gemu tu hilo."

Leo siko upande wa yeyote kati yenu. Naandika sehemu nane, someni zote kabla hamjaja kunipopoa kwenye koment.

Ninachosema ni hiki. Zimwi si tatizo kubwa. Mtoto wa Kiswahili amelelewa na hadithi za mazimwi toka enzi za bibi zetu. Tatizo ni somo linalopita kimyakimya nyuma ya zimwi: kwamba kila anayekufa, kuna mtu alichagua vibaya. Somo hilo ni la uongo. Na hapa kwetu uongo huo una mtu wa kuubeba mgongoni. Anaitwa mama.

2/8

Kwanza tuelewane, maana wengi mnakemea kitu msichokijua.

Haya si magemu ya mpira wala ya magari. Ni kama tamthilia, ila kila baada ya muda inakuuliza: ufungue mlango au ukimbie? Umvute huyu au yule? Unapewa sekunde chache, unabonyeza batani kwenye pedi (si pedi zile tunazozijua sisi, ni kile kidude cha kushika mkononi), halafu hadithi inafuata njia uliyoichagua.

Moja linalojulikana sana ni Until Dawn. Lilitengenezwa na kampuni ya Supermassive Games ya Uingereza, likatoka 2015 kwa ajili ya PlayStation 4, na 2024 likatolewa upya. Vijana nane wako kwenye nyumba moja mlimani, usiku, theluji imejaa, na kuna kitu kinawawinda. Yeyote kati yao anaweza kufa, inategemea wewe. Gemu linajihifadhi lenyewe, kwa hiyo ukikosea huwezi kurudi hatua moja nyuma, labda uanze upya. Kuna mahali unatakiwa ushike pedi bila kuitikisa hata kidogo wakati zimwi linapita karibu. Mkono ukitetemeka, mtu anaweza kufa. Na muda wote unakumbushwa habari ya kipepeo: akipiga bawa hapa, huko mbele inakuja dhoruba. Yaani kajambo kadogo ulikofanya saa mbili usiku, ndo kamemuua mwenzako alfajiri.

Kwa Ulaya gemu hili limewekewa alama ya miaka 18. Marekani, 17 na kuendelea. Sasa wewe unaniandikia kwamba wa darasa la tatu analicheza kwa jirani, halafu unaniuliza kwa nini analia usiku. Mama, hapo hatuhitaji vipimo.

3/8

Turudi kwa mtoto. Wengi wenu mtasema, "Wangu hachezi, anaangalia tu kaka yake akicheza," au, "Anaangalia YouTube watu wakicheza." Kwa mtoto mdogo tofauti ni ndogo mno. Anasikia kaka anapiga kelele: "Nimemuua! Mimi ndo nimemuua, ningeenda kushoto!"

Kitu tulichofundishwa chuoni kuhusu makuzi, na kila mama anatakiwa akijue, ni hiki: mtoto mdogo, hasa kabla ya miaka saba hivi, anaamini mawazo yake na maneno yake yanaweza kusababisha mambo. Amekasirika, amemwambia mdogo wake "ufe huko!", kesho yake mdogo anaugua. Kichwani mwake hesabu imekamilika: mimi ndiye niliyefanya. Hatamwambia mtu. Ataanza kukojoa kitandani, atagoma kula, atang'ang'ania gauni lako. Nyie mtasema karogwa.

Mtoto wa aina hiyo ukimkalisha mbele ya hadithi inayomwambia kila kifo kina mbonyezaji batani, umempa ushahidi wa hofu aliyokuwa nayo tayari. Ndo maana mimi alama ya umri siichukulii kama ushauri wa wazungu wenye wasiwasi. Mtu mzima anajua kutenganisha. Mtoto wa miaka sita hawezi, na si ujinga, ni umri wake tu.

Kwa hiyo wewe baba wa kwenye kochi, "ni gemu tu" nimeikataa. Kwako wewe, sawa. Kwake, hapana.

4/8

Sasa nawageukia wachezaji wakubwa, maana najua mpo humu, wengine ni waume zetu na wadogo zetu wa chuo. Nyie mna imani moja: gemu zuri ni lile ambalo ukicheza kwa akili, unawaokoa wote. Mtu akifa, umecheza vibaya, anza upya, tafuta video YouTube zikuonyeshe njia. Kifo mnakihesabu kama mtihani uliofeli.

Hata hilo Until Dawn lenu halisemi hivyo. Mwanzoni kabisa kuna mapacha wawili, Hannah na Beth, wanakimbia usiku kwenye theluji, wanafika ukingoni mwa genge. Mmoja ameshika mzizi, mwingine ananing'inia mkononi mwake. Unapewa chaguo. Chagua hili, wote wanaanguka. Chagua lile, wote wanaanguka. Na katika lile la 2015, kaka yao, Josh, hata ucheze vipi hashuki mlimani pamoja na wenzake asubuhi.

Watengenezaji wenyewe walijua kuna mlango ambao hauna ufunguo. Wachezaji ndo hawataki kusikia.

Na mimi nawaelewa kwa nini hamtaki. Kuamini kwamba ulikosea kunauma, lakini kuamini kwamba hukuwa na la kufanya kunatisha zaidi. Ukikosea, kesho utapatia. Ila kama hukuwa na la kufanya, basi na kesho inaweza kutokea tena, na wewe umesimama pale pale. Ndo maana binadamu akifiwa anatafuta kosa kwa tochi. Asipolipata kwake, analitafuta kwa jirani yake.

5/8

Hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka.

Kaa kwenye msiba wa mtoto mchanga, sikiliza yanayosemwa jikoni kwenye masufuria. "Alimchelewesha." "Alimwachia dada wa kazi." "Nilimwambia asitoke naye jioni." "Angemleta kwa bibi yake mapema." "Mimba yenyewe alikuwa anabeba ndoo." Kila mmoja ameshika pedi yake, anacheza upya usiku wa mtu mwingine, na kwenye mchezo wake yeye mtoto anapona. Mama mwenyewe yuko chumbani kwenye mkeka, anasikia yote. Mbaya zaidi, na yeye ameshaanza kucheza: ningeamka saa tisa, ningepanda bodaboda, ningeuza simu.

Jamani. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuhusu vifo vya kina mama wajawazito, wakapanga ucheleweshaji katika mafungu matatu. Sisi wa afya tunayatumia mpaka leo. La kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. La pili ni kuchelewa kufika: barabara, usafiri, umbali, mvua. La tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukiwa umeshafika: hakuna damu, hakuna dawa, hakuna mtaalamu zamu hiyo, rufaa inasubiri gari.

Hesabu mwenyewe. Katika mafungu hayo matatu, lililo karibu na mkono wa mama ni moja tu. Na hata hilo si lake peke yake, maana kuna nyumba mama hawezi kutoka na mtoto mpaka baba apigiwe simu, baba hapokei, na hela anayo mama mkwe. Halafu kuna vifo ambavyo havina fungu hata moja. Kila mtu aliwahi, dawa ilikuwepo, daktari alikuwepo, na mtoto akaondoka.

Magemu haya yamejengwa juu ya fungu la kwanza tu. Kuna wewe, kuna batani, kuna sekunde. Hakuna barabara iliyokatika wala benki ya damu iliyokauka. Msiba nao unafanya vivyo hivyo: unafuta barabara, unafuta hospitali, unambakiza mama na batani yake. Na wanaofaidika ni wale waliotakiwa kuulizwa kuhusu fungu la pili na la tatu. Wakati tunamhukumu mama jikoni, nani anauliza gari la wagonjwa lilikuwa wapi?

6/8

Sasa nitawaudhi wa kuchoma moto. Kuna gemu la kutisha ambalo ningependa watu wazima wengi walicheze, na limeisha kwa huzuni mbaya.

Linaitwa The Walking Dead, la kampuni ya Telltale Games, lilitoka 2012 kwa sehemu tano. Mazombi wamejaa Marekani. Lee, mwanamume aliyekuwa anapelekwa gerezani, anamkuta mtoto wa kike wa miaka minane, Clementine, amejificha kwenye kibanda cha juu ya mti. Wazazi wake walikuwa safari. Lee anamchukua anamlea. Anamkata nywele ili zisishikwe na mazombi, anamfundisha kujilinda. Na wewe unachagua: useme ukweli au udanganye, uibe au ulale njaa. Kila mara unaambiwa mtoto atakumbuka ulichofanya.

Mwisho wa sehemu ya nne Lee anaumwa na zombi. Sehemu ya tano unaweza kukubali akatwe mkono, unaweza kukataa. Anakufa hata hivyo. Chaguo la mwisho ni kama mtoto ampige risasi asije kugeuka zombi, au amwache aende zake. Wachezaji wengi walilalamika: sasa machaguo yote yale yalikuwa ya nini?

Mimi nina jibu, nalijua kutoka wodini. Yalikuwa ya kumlea Clementine. Kuna ugonjwa ambao haurudi nyuma. Hapo tunafanya tiba shufaa: tunapunguza maumivu, tunamgeuza asipate vidonda, tunamwita mtu anayempenda akae karibu, tunamwambia ukweli kwa sauti ya upole. Mtu asiyejua anasema, "Si anakufa tu, mnahangaika nini?" Hangaiko lile ndo kazi yenyewe. Mwisho haubadiliki, ila mtu kufa ameshikwa mkono na mtu kufa akiwa ameukabili ukuta peke yake si kitu kimoja. Muulize yeyote aliyebaki.

Na kuna jambo jingine kwenye gemu hilo. Karibu na mwisho anatokea mwanamume aliyepoteza familia yake. Amemteka Clementine, anamkalisha Lee kitini na kumsomea machaguo yake moja baada ya jingine: ulifanya hivi, ukafanya vile, wewe si wa kukaa na mtoto. Uchungu wake ni wa kweli, amefiwa. Lakini uchungu umemfanya hakimu, na uhakimu umemfanya mtu wa hatari kwa mtoto yule yule anayesema anamtetea.

Shangazi wa jikoni msibani, samahani, ila nilipoiona sehemu hiyo nilikuona wewe.

7/8

Hii sehemu niliisita, ila wenye watoto wa sekondari mnaihitaji.

Kuna gemu la kampuni ya Dontnod ya Ufaransa, Life is Strange, la 2015. Si la mazimwi, ila hofu yake ni kubwa kuliko ya mazimwi. Max ni msichana anayeweza kurudisha muda nyuma. Mwanafunzi mwenzake, Kate, amesambaziwa video ya kumwaibisha, shule nzima inamcheka, anapanda juu ya paa. Hapo uwezo wa Max unaishiwa nguvu. Hakuna kurudi nyuma. Lazima uongee na Kate, na majibu yako yanategemea kama huko nyuma ulimsikiliza, ulipokea simu yake, uliangalia picha za familia yake chumbani. Ukipatia, anashuka. Ukikosea, anakufa.

Nusu ya somo hilo nalipigia makofi. Kusikiliza mapema kunasaidia kweli. Kucheka video ya mwenzako kwenye grupu la WhatsApp si utani. Na kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango wa kusema. Ukijibiwa ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mtafute mtu mzima, mpeleke kituo cha afya.

Nusu ya pili naikataa kabisa: kwamba uhai wa mtu ni mtihani wa maswali matatu na rafiki yake kijana ndiye mtahiniwa. Kujiua hakutokani na sentensi moja iliyokosewa. Kuna ugonjwa, kuna maumivu ya muda mrefu, kuna mambo mengi yaliyorundikana. Kijana aliyefiwa na rafiki kwa njia hiyo tayari analala na simu akisoma ile meseji ya mwisho ambayo hakuijibu. Hatakiwi kuambiwa na gemu, wala na mwalimu, wala na mchungaji au shehe, kwamba jibu sahihi lilikuwepo akalikosa. Mwenye mtoto aliyepitia hilo, msiliache likae kimya. Mwambie kwa mdomo wako: haikuwa wewe.

8/8

Namalizia, maana chai imepoa.

Kuhusu magemu. Fuateni alama ya umri, 18 ni 18. Msimchomee kijana wa miaka 17 vitu vyake, atahamia banda la gemu ambako hakuna wa kuongea naye. Kaa naye jioni moja akicheza. Asipookoa mtu, usimuulize "kwa nini ulichagua hivyo?" Muulize, "Unadhani ilikuwa inawezekana kweli?" Swali hilo moja linamsaidia kuliko mahubiri ya saa nzima. Na likija gemu au filamu yenye mwisho mbaya usioepukika, msikimbilie kuzima. Mtoto mkubwa anayelilia mtu wa hadithi anafanya mazoezi ya kitu ambacho hakuna familia isiyokutana nacho.

Kuhusu chaguo ambalo ni lako kweli, maana sitaki mtu aondoke hapa akisema nesi kasema yote ni kudra. Mtoto chini ya miaka mitano akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na haamki vizuri, usisubiri asubuhi, usisubiri ruhusa, toka naye. Hilo ni batani lako, libonyeze. Baba watoto, na wewe weka nauli ya dharura mahali mama anapafikia bila kukupigia simu. Hilo ni batani lako wewe.

Yakishabonyezwa hayo, yanayobaki si yako. Barabara si yako. Damu si yako. Kuna usiku ambao hata sisi wenye sare nyeupe, wenye dawa na vitabu, tumefanya kila kilichoandikwa na mtoto amekwenda. Hakuna kurudia, na hakuna video ya kuonyesha njia ambayo ingefaa.

Kwa hiyo mkienda msibani wiki hii, bebeni sukari, bebeni mchele, bebeni kanga ya kujifunika. Pedi ziacheni nyumbani. Mkikuta mtu anaanza na "angefanya hivi," mkatisheni, kwa heshima kama ni mkubwa wenu, ila mkatisheni. Muulizeni gari la wagonjwa lilikuwa wapi. Halafu ingia chumbani, kaa kwenye mkeka pembeni ya mama yule, mshike mkono. Mwambie, "Ulimlea vizuri." Kama atakuuliza kwa nini, usimtafutie sababu. Kaa tu.

Wenye maswali, koment ziko wazi. Wanaomlaumu mtu, nafuta.